Nani Alisikia?

Muthamia hakuwahi kumpiga mkewe kabla ya kuongeza sauti ya TV. Alikuwa akiinuka taratibu, anachukua rimoti, anabonyeza mpaka mabati yanatetemeka. Hapo ndipo anafungua mshipi.

Kananu alizoea kuficha uso mara tu mtangazaji wa mpira alipoanza kupayuka. Siku moja alichelewa. Muthamia akamrushia simu yake mwenyewe, kioo kikapasukia kwenye shavu la Kananu, simu ikafa pale pale. Kisha akampiga tena kwa sababu ya simu.

Jumatatu Kananu alienda polisi kushtaki. Askari aliyekuwa mezani alizitazama nyuzi nne alizoshonwa shavuni, akauliza, "Nani alisikia?"

"TV ilikuwa juu, afande."

"Basi huna shahidi. Ni neno lako na lake. Rudi nyumbani, mama, mkaongee."

Alirudi nyumbani Kaaga kwa miguu. Ploti yao ilikuwa na vyumba sita vya kupanga, ukuta mmoja mmoja katikati. Mkono wa kulia aliishi Kithaka, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Mkono wa kushoto, Mama Njura na watoto wake watatu. Kananu alipofiwa na mamake, hao ndio waliopika chai ya msiba wiki nzima, na Kithaka ndiye aliyeongoza maombi. Watu kama hao wangesikia wangekuja. Hilo hakuwa na shaka nalo hata kidogo.

Asubuhi moja bombani Mama Njura alimuuliza, huku macho yakiwa ndani ya ndoo, "Jana ilikuwa mpira?"

"Ilikuwa mpira," Kananu akajibu, mkono ukiwa umeshikilia mbavu.

Zamu yake ya kupokea pesa za chama ilipofika, hakununua mitumba ya kuuza sokoni Gakoromone kama kawaida. Alimnunulia Muthamia simu mpya, skrini pana, pamoja na vile vya kuweka masikioni.

"Mpira wote uko humu ndani," alimwambia. "King'amuzi tunalipia cha nini kila mwezi? Hata hiyo TV tuuze."

Muthamia alimtazama kwa muda, akitafuta mtego. Hakuuona. Alishinda jioni hiyo akiweka laini yake na kuandika namba upya, akishangaa jinsi kioo kilivyong'aa, na kufikia Ijumaa alikuwa akilala chali kitandani, masikio yameziba, akitabasamu peke yake. TV ikanunuliwa na kinyozi mmoja wa mjini.

Fundi alipopanda juu ya paa kung'oa dishi, Mwalimu Kithaka alitoka akasimama uani.

"Mnaitoa?"

"Tumehamia kwa simu, Mwalimu," Kananu alisema.

"Yote? Hata TV?" Mzee alivua kofia, akaivaa tena. "Sasa mtafanya vipi?"

Kananu alicheka kidogo. Akamwambia watazoea.

Kwa wiki mbili Muthamia hakumgusa. Kananu akaanza hata kudhani kwamba labda simu yenyewe imemtibu. Halafu ikaja Jumapili, saa kumi jioni, watu wote wako nyumbani, na bando likaisha mpigaji akiwa ameuweka mpira kwenye penalti.

"Lete simu yako nitumie bando yako."

"Yangu haina kitu. Iliisha jana."

Alimpiga teke la tumbo, kiti kikaanguka naye. Akamshika nywele akambamiza kwenye ukingo wa meza, mara ya kwanza, mara ya pili. Jino likatoka. Kananu alilihisi juu ya ulimi kama punje ya hindi kavu. Mshipi ukamkata shingoni, ukamkata mikono, kifungo chake cha chuma kikafungua upya lile kovu la shavuni.

Safari hii hakuficha uso. Alifungua mdomo kadiri ulivyoweza kufunguka.

"Ananiua! Mwalimu! Mama Njura! Muthamia ananiua!"

Muthamia akasita, mshipi ukiwa hewani. Mkono wake wa kushoto ulipapasa meza, ukitafuta rimoti. Palikuwa na sahani tu. Aliugeukia ukuta mtupu, ile mistatili miwili ya vumbi ilipokuwa TV na king'amuzi, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba Kananu aliona hofu machoni mwake.

"Nyamaza," alinong'ona. "Nyamaza, wewe!"

Akapiga nduru tena, mpaka koo likakwaruza.

Nje, mtoto aliyekuwa akisoma kwa sauti alinyamaza. Redio ikazimwa. Ploti nzima ikatulia kabisa. Kisha mlango mmoja ukafunguliwa, na mwingine, na mwingine, ndara zikaburuzwa kwenye saruji, zikaja, zikaja, zikasimama mlangoni pao.

Hodi ilikuwa ya upole.

Muthamia aliangusha mshipi. Kananu alitambaa sakafuni akiacha damu nyuma yake, akajivuta kwa kitasa, akafungua.

Walikuwa wote: Mwalimu Kithaka mbele, Mama Njura na mtoto mgongoni, na nyuma yao wapangaji wa vyumba vingine vitatu. Kananu aliinua uso wake ili kila mmoja auone vizuri.

Hakuna aliyeutazama. Mwalimu Kithaka alimpita kwa macho, akanyoosha mkono wenye noti zilizokunjwa.

"Muthamia, kijana yangu," alisema, kwa sauti yake ya kuongoza maombi, "tumechanga hapa ploti. Watoto wana mtihani. Kesho enda urudishe ile TV."