Nyati Mwenye Haraka

Zama za wanyama kusemezana, Nyati alikuwa akishuka mtoni mbio kila asubuhi, na wadogo wa njiani wakikanyagwa. Asubuhi moja Jongoo, aliyekwisha kufiwa na dada yake njiani humo, alimwomba Nungunungu amvushe njia.

Nyati akasimama ghafla mbele ya miiba. "Nipisheni! Nina haraka!"

"Pita tu, bibie," alisema Nungunungu, miiba ikiwa wima. "Nani kakuzuia?"

Nyati akamgeukia Jongoo. "Miguu yote hiyo, na bado hujavuka?"

"Ya mbele imeshafika, mama. Tunasubiri ya nyuma."

Nyati alikuwa bado anafoka, ndama wake alipotokea nyuma yake, akihema, vumbi tele usoni.

"Mama!" alisema kwa furaha. "Leo umeningoja!"

Nyati akamlamba vumbi usoni. Wakashuka mtoni kwa mwendo wa ndama.