Hemedi Yuko Benchi

Bi Sikudhani alifika uwanjani bila kumwambia mwanawe, Hemedi. Alitaka kumshtukiza. Kila wiki kwenye simu Hemedi humwambia kwamba kocha humwanzisha mechi zote. Lakini timu ya chuo ya mpira wa kikapu ilianza kucheza na yeye akabaki benchi, zipu ya koti ameifunga hadi kidevuni.

“Kocha angemwingiza Hemedi tu,” kijana mmoja jukwaani alilalamika. “Tunazidiwa mno chini ya ringi.”

“Hemedi yupi?” mwenzake akamjibu. “Tangu apasuliwe goti hawezi hata kuruka. Msimu mzima hajagusa mpira. Pale wamemweka kwa huruma.”

Bi Sikudhani akageuka kumtazama Hemedi pale benchi. Alipasuliwa lini? Nani alimuuguza?

“Eti mama, wewe unaonaje?” yule wa kwanza akamuuliza kwa utani.

“Mimi mgeni, mwanangu. Simjui mtu hapa.”

Wakati wa mapumziko Hemedi aliinuka, akawa anachechemea kuwagawia wenzake maji. Kisha akatazama juu, kwenye jukwaa. Mama yake akavuta ushungi usoni, akainamia miguuni kama mtu aliyedondosha kitu.