Hadi Kwenye Boya na Kurudi

Kasia alijimwagia ndoo ya tatu, akakung'uta masikio, kisha akaificha ndoo chini ya mtumbwi uliopinduliwa. Maji yalimchuruzika hadi visiginoni. Sasa alionekana mtu aliyetoka kuogelea.

Kisa chenyewe kilikuwa mashine. Chama cha ushirika cha wavuvi kilikuwa kinawagawia wanachama mashine za mitumbwi, na Kasia alikuwa amepiga makasia miaka thelathini, hadi watu wakasahau jina lake halisi na mabega yakachoka kabisa. Bila mashine, mwaka huu ndio ungekuwa wa mwisho kwake kuvua. Lakini sharti lilikuwa moja: kila mwanachama aogelee hadi kwenye boya na kurudi, mkaguzi akimfuata nyuma humo humo majini. Kasia alilijua ziwa lile jiwe kwa jiwe. Kuogelea, hajui hata chembe. Siri hiyo aliijua mkewe tu.

"Miaka yote hiyo unawavua samaki, hawakukufundisha?" mkewe alimwambia asubuhi, akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini ndiye aliyemtafutia ndoo.

Aliingia ofisini kwa chama akihema kwa makusudi. Mama Katibu aliyasogeza mafaili yake mbali na maji.

"Mzee Kasia! Ndiyo nini hii?"

"Nimeshamaliza, mama. Nimemsubiri huyo mkaguzi weee, nikaona niogelee zangu."

"Umemsubiri wapi? Mbona katoka hapa zamani, kasema anakufuata huko huko ziwani?"

Moyo ulimlipuka pa! Kumbe mtu alikuwa ziwani muda wote, kamwona na ndoo yake. Mashine ndiyo hiyo imeota mbawa. Kasia aliketi kwenye benchi, aibu imemjaa, akitamani ardhi ipasuke. Nyuma ya ukuta wa mbao, upande wa bafuni, maji yalikuwa yanamwagika pwaa, pwaa.

"Sharti lenyewe la nini lakini?" aliuliza kinyonge.

"Mwaka juzi tulipoteza mashine mbili."

"Na watu je?"

"Aa, watu waliokolewa," alisema Mama Katibu, akirudi kwenye mafaili yake.

Mlango ukafunguliwa. Mkaguzi, kijana mwenye kitambi aliyetumwa kutoka makao makuu, alisimama pale amelowa chapachapa, shati limemganda tumboni. Alimkazia macho Kasia. Kasia akafungua mdomo aungame yaishe.

"Mzee huyu," mkaguzi alimuwahi, akitweta, "ni moto wa kuotea mbali! Nimemfuata hadi kwenye boya na kurudi, nikashindwa hata kumkaribia. Mpeni mashine yake."

Muhuri ukagongwa. Kasia, mdomo bado wazi, aliinuka kumpa mkono wa shukrani. Hapo ndipo alipoliona, nyuma ya sikio la mkaguzi, povu la sabuni.