Fantasia ya Mzee Githongo

Wanjira alipokosea tena noti kwenye kinanda, mumewe alifumba macho na chozi likamteremka hadi kidevuni.

Naserian, jirani aliyekuja kumjulia mgonjwa hali, akaguswa. "Ona, Mama Yvonne. Anasikia! Hayo ni mapenzi."

"Anaupenda sana huu muziki," Wanjira akasema. "Siwezi kumnyima."

Akamfuta mzee shavu, akarudia tangu mwanzo.

Kitengela nzima hapakuwa na kinanda kingine kama kile. Kiliitwa hapsikodi, babu wa piano, ambacho nyuzi zake hudonolewa badala ya kugongwa. Githongo, mwalimu wa muziki, alikinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akihama, na kwa miaka mingi akawa akipiga fantasia moja ya enzi ya Baroki, karne tatu nyuma huko Ulaya. Ni muziki wa mtu mmoja peke yake. Huanza polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, kisha ghafla vidole vinatimka kama mbuzi waliofunguliwa zizi.

Alimfundisha mkewe pia. "Uko na mikono ya kuchimba viazi," alizoea kumwambia mbele ya wageni, nao wakacheka. Siku ya ruracio, sherehe ya mahari ya binti yao, Yvonne, alimkatiza katikati ya fantasia, akatoa kitambaa mfukoni, akapangusa vibao alivyogusa mkewe, kisha akaipiga mwenyewe. Wageni walishangilia. Wanjira naye alipiga makofi, amesimama.

Tangu siku hiyo hakukigusa kinanda, hadi kiharusi kilipomnyang'anya Githongo ulimi na upande mzima wa kulia. Sasa Wanjira alikipiga kila siku, baada ya chai. Majirani walishazoea: malori ya simiti yakinguruma barabarani, na fantasia ikijikwaa, ikiinuka, ikijikwaa tena.

"Umri huu na bado unajifunza kwa ajili yake," Naserian akasema akiaga. "Wengine wangeshamtupa. Ngai anaona."

"Anaona," Wanjira akakubali.

Alhamisi, Munyiva, muuguzi wao, alimpeleka mzee Kajiado kunyooshwa viungo. Nyumba ikanyamaza. Wanjira akafunga madirisha, akaketi.

Akaipiga fantasia yote. Palipotaka subira hakuharakisha. Palipotaka mbio, mkono ulivuka mkono, vidole vikamwaga noti kama mvua ya mawe juu ya mabati, na hakuna hata moja iliyoanguka pabaya. Alipomaliza, alikuta Munyiva amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Mama! Kumbe umeiweza!"

"Mzee yuko wapi?"

"Bado yuko kwa gari pale nje ya geti, amelala. Nimekuja kufungua mlango. Woi, atafurahi! Ngoja nimwambie."

"Usimwambie kitu. Mlete tu."

Munyiva akatoka mbio, akicheka peke yake. Akarudi akisukuma kiti cha magurudumu.

"Msogeze hapa karibu," Wanjira akasema. "Aone vidole."

Akaanza. Githongo aliinua kichwa. Hakuwa amewahi kumsikia akipiga hivyo. Macho yakamfunguka, na ule upande wa uso uliobaki mzima ukaanza kutabasamu.

Wanjira alimtazama, akangoja tabasamu likomae, ndipo akachagua noti ya kukosea.