Koti la Kushinda Mvuani

"Hilo si koti, hiyo ni karatasi!" mke wa mwenye shamba alifoka katikati ya duka. "Litachanika kabla hatujafika nyumbani."

"Mama watoto, la nailoni linatosha," mumewe alijitetea. "Ni la shambani, si la harusini."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo. Tukamwacha na matambara yake. Mvua ya wiki moja tu, mabega yakalegea, akaanguka kifudifudi katikati ya mtama. Tukavuna nini?"

Mume alikuna kidevu. "Mabua."

"Mabua! Halafu unaniletea nailoni."

Kando ya mlango, Ngongoti alisikiliza huku akikohoa kwenye kiganja. Aliitwa hivyo kwa urefu na wembamba wake. Alikuwa kibarua wao mpya, hajamaliza hata msimu mmoja. Tangu mvua zianze alijifunika mfuko wa mbolea uliotobolewa tundu la kichwa, na kifua kilikuwa hakijatulia. Alimwonea huruma huyo aliyemtangulia. Akajiuliza kama maskini yule alipona.

"Ngongoti, hebu njoo uvae hili."

Lilikuwa koti zito la turubai, limepakwa mpira kwa ndani, refu mpaka chini ya magoti. Alipolivaa tu, alihisi joto ambalo alikuwa amelisahau.

"Nyoosha mikono. Hivyo. Usitikisike."

Mama alimzunguka, akivuta mishono kwa nguvu zote, akichungulia kwapani kama pamezibwa. Akakwaruza kiwiko kwa ufunguo wa gari. Haukuacha hata alama.

"Lipo la zipu pia, mama," muuzaji alisema.

"Zipu itashika kutu. Nataka vifungo. Huyu halali ndani, usiku na mchana yuko hukohuko."

"Usiku pia?"

"Na hajawahi kulalamika."

Ngongoti alishtuka kidogo kuhusu usiku, lakini kwa koti kama lile, angekesha hata mwezi mzima.

"Na hiyo kofia ya nini?" mume aliuliza. "Kichwa chenyewe hakina kazi."

"Kichwa ndicho kinachoanza kuoza! Niletee maji."

Muuzaji alileta jagi. Mama alimmiminia Ngongoti lote, kuanzia utosini. Maji yaliteleza, yakaishia sakafuni.

"Umelowa?"

"Hapana, mama. Mkavu kabisa." Hakuna aliyewahi kumhangaikia hivyo tangu atoke kwao.

Muuzaji alitikisa kichwa kwa kustaajabu. "Laiti mabosi wote wangekuwa na roho kama yako, mama."

"Si suala la roho, dada. Anayekulindia shamba humvalishi takataka." Akamgeukia mumewe. "Nimeamua. Tunachukua hili, na mjadala umefungwa. Ngongoti, usilivue. Tunapitiliza shambani sasa hivi, wingu hilo halitusubiri."

Walimpandisha nyuma ya pikapu. Mvua iliwakuta njiani, ikampiga mgongoni kwa fujo, na Ngongoti akacheka peke yake kama mtoto. Akaanza kupanga: kesho angepalilia upande wa bondeni, ule aliokuwa akiukwepa kwa sababu ya baridi. Watu kama hawa unawafanyia kazi mpaka uzeeni.

Pikapu ilisimama kando ya mtama. Mama alishuka na mwavuli, akatumbukiza viatu kwenye tope bila kujali, akaenda moja kwa moja mpaka katikati ya shamba. Ngongoti alimfuata, kisha akasimama kungoja maagizo.

"Unashangaa nini? Vua upesi umvalishe, kabla hajalowa!"

Ngongoti alivua. Akaivua sanamu ya kufukuzia shomoro matambara yake, akaivalisha koti, mkono mmoja wa mti baada ya mwingine, akafunga vifungo mpaka kidevuni, akaivutia kofia vizuri kichwani.

"Na hayo matambara yake usiyatupe," mama alimwambia kwa upole. "Jifunike wewe."