Mpapai Dume wa Koko Fatouma

Taa haikuwaka.

Madame Agathe alisogeza ncha za nyaya zake mbili kwenye ile kamba mpya ya kuanikia nguo, akasubiri, kisha akazisogeza tena. Betri tatu zilizofungwa kwa mpira, kitaa cha tochi, nyaya mbili: vilikuwa vifaa vyake vya somo la Jumatatu, na hakuwa na vingine. Watu waliojaa uani wakaanza kucheka.

"Madame, taa yako iko na njaa," jirani mmoja akasema. "Muipatie pondu kidogo!"

"Taa iko sawa, papa. Ni hii kamba ya plastiki haipitishi umeme. Nilitaka muone hiyo kwanza."

Kando ya mlango kulikuwa na mfuko wa nguo, umeshafungwa. Ulikuwa wa bibi mzee wa hapo, Koko Fatouma. Jioni hiyo wangemvusha kwa mtumbwi wa pirogi hadi Lubunga, ng'ambo ya mto, na kutoka huko aende kijijini kwa wazazi wake waliokufa zamani, asirudi tena. Aliyeamua hivyo ni Rachidi, mtoto wake wa kwanza, anayekaa upande wa Bangboka.

Wiki tatu zilizopita Daudi, mdogo wake Rachidi, alitoka kuanika shati lake baada ya mvua. Walimkuta amelala kwenye matope, hana hata kidonda. Mtu wa miaka arobaini, mzima, dakika moja kabla walikuwa wanamsikia akiimba. Rachidi alisema mama yao amemla kwa uchawi. Ushahidi mwingine, alisema, umesimama pale pale uani: mpapai wa Koko, unaochanua mwaka mzima na haujazaa hata papai moja.

Koko hakukataa wala hakukubali. Siku ya pili ya msiba alichukua panga, akaikata waya ya kuanikia nguo, akaenda kuitupa mtoni. Wakasema anaficha uchawi wake.

Aliyemwita Madame ni Safi, binti wa Daudi, anayekaa benchi la mbele darasani. Wiki hiyo walikuwa wamejifunza kwamba iko mipapai inayotoa maua ya kiume tu. Haizai, lakini chavua yake hubebwa na wadudu hadi kwenye mpapai jike, na huko ndiko tunda linakoanzia.

"Madame, njoo uwaambie," Safi alimwomba. "Jumapili wanamupeleka Koko."

Basi Madame alikuja. Alichuma ua, akalipasua kwa wembe, likapita mkono hadi mkono. Ndani hamkuwa na kifuko cha mbegu. Akawaonyesha mpapai wa jirani, ng'ambo ya uzio, umelemewa na mapapai. Hata wale waliokuja kwa hasira waliitikia kwa kichwa.

"Bon, mpapai tumeelewa," Rachidi akasema. "Na ndugu yangu, donc? Yeye naye alikuwa ua?"

Hapo ndipo Madame alipofungua mkoba na kutoa betri zake. Koko akamshika mkono.

"Umesema ya mpapai, mwanangu, Mungu akubariki. Inatosha. Hiyo ingine, acha."

Madame alidhani mama huyu amechoka. Alianza na kamba, na sasa akauendea mpapai. Kwenye shina lake kilikuwa kimebaki kipande cha ile waya, kimekaza kwenye gome mahali panga halikufika. Akakigusa kwa ncha zake mbili.

Taa haikuwaka.

"Haya, mumeona," Koko akasema upesi. "Haikuwaka. Muniache niende."

Madame hakuwa mtu wa haraka. Aliisogelea waya, akaitazama vizuri. "Ni kutu," akasema. "Safi, ikwangue."

Safi akaokota jiwe, akasimama kwa vidole vya miguu, akaikwangua waya mpaka ikang'aa. Kisha akazishika ncha zile mbili mwenyewe, akazigusisha.

Taa ikawaka.

Safari hii hakuna aliyecheka. Madame akawaonyesha msumari kwenye ukingo wa mabati ya paa la nyumba, ulikofungwa upande wa pili wa waya. Akawaonyesha na kebo ya umeme iliyolala juu ya mabati hayo, mpira wake umechunika. Tangu mazishi mtaa mzima haukuwa na umeme, lakini siku ile Daudi alipokufa ulikuwapo. Ulitoka kwenye kebo ukaingia kwenye bati, ukatoka kwenye bati ukaingia kwenye waya, ukamkuta Daudi na shati bichi mkononi, miguu mitupu kwenye matope. Umeme unaweza kumpitia mtu hivyo, ukamuua, usiache alama ya kuonekana.

"Kama ingekuwa kamba," Madame akasema, "angekuwa hai."

Rachidi alikuwa ameketi chini kwenye udongo. "Mama," akasema. Akainuka, akauchukua ule mfuko, akaurudisha ndani kwa mikono yake. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.

"Wakati mimi niliishi hapa, tulikuwa tunaanika kwa kamba," akasema. "Hii waya, nani aliifunga?"

"Mimi," Koko akajibu, kabla hata hajamaliza kuuliza.

"Hapana, Koko." Safi alikuwa bado amesimama kando ya mpapai, taa inawaka mkononi mwake. "Ni mimi. Nilipanda juu ya kiti. Wewe ulinishikia miguu, nisianguke."