Kuingia Mmoja, Kutoka Wawili

"Nataka chumba mia tano na nane," Mzee Ngcamu alisema. "Kingine sitaki."

Dada wa mapokezi alitazama viatu vyake kwanza, kisha uso. "Kuna kizuri zaidi, baba, kinatazama bahari."

"Bahari nimeiona huko nje, bure. Nipe mia tano na nane."

"Mtu mmoja?"

"Kuingia mmoja. Kesho, kutoka, wawili."

Dada akacheka. "Huyo wa pili lazima tumwandike jina, baba. Ni sheria."

"Jina lake mnalo. MaShezi. Mke wangu."

Dada aliacha kucheka, akampa ufunguo.

Hii ilikuwa mara ya nne Ngcamu kushuka kutoka kijijini kwao Msinga hadi Durban kumchukua mkewe katika hoteli hii kubwa ya tangu enzi za Waingereza. Miaka mitatu nyuma MaShezi aliomba ruhusa arudi nyumbani, meneja akamkatalia. Tangu siku ile hajarudi. Na mara zote tatu mumewe aliishia mlango wa nyuma, penye mapipa ya taka. "Ghorofa za juu ni za wageni wanaolipa," meneja alimwambia, bila hata kutoa mikono mfukoni. Ndivyo walivyo wakubwa. Wakishakutwalia kilicho chako, wanakuuliza wewe una kibali gani.

Basi Ngcamu akauza fahali wake ili naye awe mgeni. Angefanya nini? Binti yao alikuwa aolewe Jumamosi, na wazee wa ukoo walisema neno moja tu: mama yake asipokuwa nyumbani, harusi hakuna.

Penye lifti mlinzi alimzuia kwa mkono. Kifuani kibandiko kilisema Gumede.

"Baba, hicho kirefu ulichokifunga gazeti ni nini? Nimesikia maneno yako pale mapokezi. Kama ni panga, nakuomba, mimi nina watoto wanne na kazi hii moja."

"Ningekuwa na panga ningeanzia ofisini kwa meneja."

"Sasa unahangaika nini? Mwanamke akishazoea zulia, hata umvute kwa kamba harudi kukanyaga udongo. Mwache, baba."

"Zulia hakulizoea," Ngcamu alisema. "Alilifagia."

Akafunua pembe ya gazeti. Gumede akachungulia. Alivua kofia yake ya kazi, akambonyezea lifti mwenyewe.

"Nenda, baba. Mkishuka, sitawasemesha."

Lifti ilipanda polepole kama mtu mwenye magoti mabovu. Ngcamu alikuwa njiani tangu alfajiri bila kutia kitu mdomoni. Aliegemea ukuta wa kioo, na mzee aliyekuwa mle ndani ya kioo akamwegemea.

Chumba mia tano na nane kilikuwa na baridi ya mashine. Kitanda kilikuwa kipana kuliko jiko lake la nyumbani, mashuka yamekazwa, hata kunyanzi moja hakuna. Hakukaa. Alijua akikaa atalala, na usingizi sio uliomleta. Hakuna aliyejificha kabatini, hakuna aliyejifungia bafuni, wala hakujisumbua kutafuta huko. Alikwenda moja kwa moja hadi ule upenyo kati ya kitanda na dirisha, akavua viatu, akapiga magoti. Akafungua gazeti lote, akatoa tawi la mkunazi, bichi, na miiba yake, akaligusisha kwenye zulia.

"MaShezi, ni mimi," alisema. "Mwili tuliuzika, lakini wewe tulikuacha hapa ulipofia, na mashuka yao. Yaache sasa. Shika tawi kama walivyolishika waliokutangulia, twende nyumbani, mtoto anaolewa."